Godoro la Mkwe Wangu

Karungu View,
Soko la Uriri,
Kaunti ya Migori.

14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Caren,

Soma barua hii ukiwa umekaa, maana ni ndefu, na najua miguu yako huvimba ukishasimama siku nzima kwenye mvuke wa dobi ya hospitali. Nakusalimu sana. Je, kile kikohozi kimekuachilia? Na Bravin wako, bado anafuga zile nywele? Mwambie mama yake mkubwa amesema anyoe kabla hajafika mpakani Isebania, wasije wakamrudisha huko huko Ndola, Zambia, wakidhani ni mtu mwingine.

Mimi niko sawa kwa neema ya Mungu. Goti la kushoto linaniambia mvua inakuja kabla ya redio kusema, lakini bado linanipeleka sokoni na kunirudisha. Kaka yetu Gordon kule Karungu hajambo. Ameongeza mbuzi wanne na bado anasema hana kitu. Mahindi yangu yamesimama vizuri, yananipita urefu, na wewe unajua mimi si mfupi.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Caren, simu yako husikika mpaka chumba cha pili, nawe ukicheka unacheka na wenzako wote. Halafu jambo hili nililianza kwa barua. Si haki nilimalize kwa simu.

Unakumbuka niliyokuandikia Krismasi juu ya mkwe wangu Bogonko. Nilikuambia mzee amerudi utotoni. Nilikuambia kila asubuhi anatoa godoro lake nje, analiegemeza kwenye ua lipigwe na jua, na kwamba mtu mzima aliyeheshimika vile sasa anakojoa kitandani. Ulicheka, ukaniandikia kwamba umecheka, kisha kwa huruma yako ukampa msafiri ule mpira wa kutandika kitandani, wa hospitali. Mpira ulifika salama. Lakini nimeketi hapa leo kuyafuta maneno yale yote. Mzee hajawahi kukojoa kitandani. Aliyekuwa akililowesha godoro lake ni mimi.

Usishangae kwanza. Wacha nikueleze polepole.

Unajua nilivyojenga ploti yangu. Vyumba sita, kwa vile vidagaa vya omena nilivyovibeba kichwani miaka yote ile kutoka Karungu, na hakuna mwanamume aliyeniongezea hata msumari. Marehemu baba Oliver aliniachia kiwanja chenye kibanda tu na sifa nzuri, basi. Najivuna na vyumba vile, na sioni haya kusema. Mbele nilipaka rangi ya samawati, nikaweka gata za kupokea maji ya paa, zile zinazong'aa, na fundi akaniandikia jina kwa herufi kubwa: Karungu View. Najua ulinicheka, kwamba kutoka Uriri ziwa halionekani hata ukipanda juu ya tangi. Mimi naliona.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikukuandikia wakati ule. Tulipofika kwenye paa, fundi wangu Cephas aliniuliza, "Mama, na huku nyuma tuweke gata pia?" Paa lenyewe linateremkia nyuma, maji mengi yanaangukia huko. Lakini nyuma kuna nafasi nyembamba tu, ya mtu kupita kwa ubavu, kati ya ukuta wangu na nyumba ya Bogonko. Nikamjibu, "Nyuma nani anaona? Gata za nyuma zilete mbele." Ndiyo maana kule mbele ziko mbili mbili, pale mlangoni kwangu. Watu walizisifu sana. Nami nilipokea sifa hizo kwa mikono miwili.

Bogonko unamjua, lakini wacha nikukumbushe, maana ulimwona siku ya harusi tu. Ni Mkisii aliyehamia hapa zamani kufuata kazi ya miwa. Alikuwa karani wa mizani, miaka thelathini na mmoja, na hakuna mkulima wala mwenye trekta anayeweza kusema alipunjwa kilo moja mbele yake. Mkewe alifariki kabla sijaanza kujenga. Bochaberi, binti yake, alikua upande ule wa ua, na Oliver wangu alikua upande huu, na ua wenyewe haukuwazuia chochote, ndiyo tukawa wakwe.

Na mambo ya wakwe unayajua. Kwetu ni heshima, na kwao Wakisii ndio kabisa. Mimi na Bogonko hatupeani mikono. Tunasalimiana yeye akiwa kule na kofia mkononi, mimi huku, kila mtu akiangalia chini kama ameangusha sindano. Chumba anacholala, mimi hata dirisha lake silitazami. Hata Bochaberi, mtoto wake wa kuzaa, tangu alipokua hajatia mguu chumbani mwa babake. Ni wajukuu tu ambao hawana mpaka. Mjukuu huingia, hupanda kitandani, huvuta blanketi, na babu hufurahi.

Kwa hiyo angalia jambo hili lilivyokaa. Mimi kila asubuhi namwona mkwe wangu akitoa godoro lenye maji. Ningemuulizaje? Na yeye anaona maji yanatoka kwangu. Angeniambiaje? Aje asimame mbele ya mama wa mkwe wake, mwanamke, aanze kusimulia kitanda chake? Afadhali angekufa. Basi tukaheshimiana. Tukaheshimiana mwaka mzima na nusu, yeye akilala majini, mimi nikimhurumia.

Tena nilijiona mwema! Niliwakataza wapangaji wangu wasimwangalie. Milka, yule wa chumba cha tatu anayeuza nguo za mitumba, alikuwa akilipita lile godoro huku ameziba pua, na mimi nikamgombeza, nikamwambia uzee utatufikia sote. Nikaingia ndani nikiwa na amani, nikakuandikia wewe.

Pasaka mwaka huu Bochaberi alikuja kutoka Kitale na mtoto. Oliver alibaki kazini. Huyu mtoto Lynnet ametimiza miaka minne, na Caren, sitaki kujisifu, lakini mtoto ana akili. Anahesabu mpaka hamsini, na akikosea anarudi mwanzo mwenyewe bila kuambiwa. Sura ni ya mama yetu, kichwa ni cha kwetu, na ule ukaidi sijui ameutoa wapi, wanasema ni kwangu. Basi Bochaberi akalala kwangu kama ilivyo desturi ya mke wa mtoto, na Lynnet akaruka ua kwenda kulala kwa babu yake.

Ilinyesha sana wiki ile. Asubuhi nikiwa natoa uji mekoni, naona mtoto anakuja, gauni la kulalia limelowa mpaka kiunoni. Nikajisemea, yawa, sasa wamekuwa wawili! Nikamwambia mbele ya mamake, "Wewe msichana mkubwa hivi, umekojoa kitanda cha babu?"

Caren, yule mtoto alisimama akanitazama kama vile mimi ndiye mwenye miaka minne. Machozi yakamjaa kwa hasira, akanifokea mimi nyanya yake: "Dani, si mimi! Ni ukuta! Ukuta ya babu iko na maji. Babu ameweka sufuria tatu na zimejaa."

Nikauliza ukuta gani. Akanyoosha kidole kwenye vyumba vyangu.

Sikunywa ule uji. Nilikwenda nyuma ya ploti, mahali ambapo sikuwa nimekanyaga tangu siku nilipolipa mafundi. Mwili wangu unaujua. Niliingia kwa ubavu, nikafika katikati, nikakwama, na hapo nilipokwama ndipo nilipoona vizuri. Maji ya paa langu yalikuwa yakirukia ukuta wa Bogonko na kupenya nyufa hadi upande wa kitanda, na chini yalikuwa yamechimba mtaro mzima uliolalia msingi wa nyumba yake. Ukuta wake ni wa udongo, umepigwa plasta ya simiti juu. Plasta chini ilikuwa imeanguka yote, na udongo ulikuwa umelika kiasi cha kuingiza mkono mpaka kiwiko. Niliuingiza. Ulikuwa laini kama ugali wa mgonjwa. Mvua nyingine mbili kama ile, na ukuta ungemlalia mzee kitandani.

Nikainua macho juu. Nikaona ncha za mabati yangu, vyumba sita, hazina hata gata moja.

Niliona aibu, ndugu yangu. Sijawahi kuona aibu kama ile, hata siku ile nilipoanguka na karai la omena mbele ya kanisa. Milka alinisikia nikiita, akaja akanivuta mkono mpaka nikatoka, nguo imechanika. Hakucheka. Nafikiri aliona uso wangu.

Nilipozunguka mbele, Bogonko alikuwa ndiyo kwanza anatoka na godoro lake mgongoni. Aliniona, akaliweka chini haraka ili avue kofia, akaniamkia, na mimi nikaitikia, na sote tukaangalia chini. Kisha akaliinua tena akaliegemeza kwenye ua. Mzee wa miaka sabini na tatu.

Sikujua la kumwambia, na desturi hainipi la kumwambia. Basi niliingia chumbani kwangu, nikavuta godoro langu, lile la inchi nane ninalojivunia, nikalitoa nje mbele ya wapangaji wote, nikaliegemeza kwenye ua huo huo upande wangu. Lilikuwa kavu kabisa. Milka akaniuliza, "Mama Oliver, kulikoni?" Nikamwambia, "Litatoka kila asubuhi mpaka lake likauke."

Na lilitoka. Siku ya tano, Milka naye akatoa la kwake, akasema ati jua linaua kunguni. Wiki ya pili ilikuwa ploti nzima. Mtu akipita barabarani anaona magodoro saba yamejipanga, na huwezi kujua la nani ni la nani. Hakuna aliyeziba pua tena.

Lakini godoro si ukuta. Nilimwita Cephas siku ile ile niliyouona ukuta. Akaja, akachungulia kule nyuma, akasema ataweka gata na mambo yataisha. Nikamuuliza, na ukuta? Akasema, "Mama, huo ni ukuta wa udongo, ulikuwa uanguke tu. Kila mtu atengeneze nyumba yake." Nilimwambia ukuta ule ulisimama miaka ishirini na minane bila kumwomba mtu msaada, ukaja kuugua siku alipopanda juu ya paa langu na nyundo. Cephas ni fundi mzuri, ila anapenda kazi fupi.

Nikampigia Oliver. Naye akaniambia, "Mama, weka gata, ukuta mwachie mwenyewe. Ukiujenga watu watasema umekubali kosa." Nikamwambia, nimekubali kosa, kwani ulidhani nafanya nini? Akaanza kucheka, kisha akasema, "Haya, mama, jenga." Ni mtoto mzuri, amesomea mambo ya ofisi tu.

Kazi ngumu ilikuwa mzee mwenyewe. Nilimtuma Bochaberi kwa heshima zote amwambie babake kwamba nataka kumtengenezea ukuta. Jibu likarudi: "Mwambie mama mkwe nashukuru. Nyumba yangu haina shida." Nikamtuma tena. Jibu lile lile, na kofia imevuliwa. Cephas alipokwenda na kamba ya kupimia, mzee alimkaribisha chai sebuleni, wakaongea habari za mvua, na Cephas akarudi bila kuona chumba. Bochaberi alilia siku hiyo. Aliniambia, "Mama, akikubali ni kama amekushtaki wewe mkwe wake. Hawezi. Ukuta utamwangukia akiwa amenyamaza."

Hilo neno la kushtaki lilinikaa kichwani. Nikalipindua huku na huku nikiwa napepeta mtama. Kisha nikaacha ungo, nikavaa ile nguo ya kitenge uliyonitumia, nikafunga kilemba, nikaenda ofisi ya naibu wa chifu.

Watu walikuwa wengi kwenye benchi, wa mipaka, wa ng'ombe, wa kila namna. Zamu yangu ikafika. Nikamwambia, "Nimekuja kumshtaki mwenye Karungu View."

Naibu wa chifu, kijana mdogo tu mwenye miwani, akafungua kitabu, akaandika kidogo, akainua kichwa. "Mama, mwenye Karungu View si ni wewe?"

"Ndiye huyo huyo. Mwandike."

Benchi lote lilicheka. Nikawaacha wacheke. Nikamwambia, mwanamke huyu alijenga vyumba sita akaweka gata mbili mbili mbele kwa ajili ya maringo, nyuma hakuweka hata moja, na sasa maji yake yanakula nyumba ya jirani. Akaniuliza mlalamishi yuko wapi. Nikamwambia mlalamishi ni mtu wa heshima nyingi, hawezi kuja kwa sababu mshtakiwa ni mkwe wake, basi nimekuja kwa niaba yake. Kijana akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema tangu aketi kwenye kile kiti hajapata kesi ya mtu kujileta mwenyewe. Nikamwambia basi leo ameipata. Caren, nilijivuna pale! Ni dhambi kujivuna na kosa, najua, lakini sikujivuna na kosa. Nilijivuna kwamba niliweza kulisema mbele ya benchi lote.

Alhamisi iliyofuata Bogonko aliitwa. Alikuja na koti lake la kazini, lile la kaki, limepigwa pasi. Tulikaa mbali, kila mtu upande wake. Naibu wa chifu akamwambia kwa upole, "Mzee, hapa hakuna mkwe. Huyu ni mwenye ploti, na wewe ni jirani. Nakuuliza swali moja niandike. Maji yanaingia kwako au hayaingii?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimemngoja. Mtu aliyesimama kwenye mizani miaka thelathini na mmoja bila kuongeza wala kupunguza, hawezi kuandikisha uongo kwenye kitabu cha serikali. Aliizungusha kofia mkononi, akaizungusha tena. Nilisali kimya.

"Yanaingia," akasema. "Mvua ndogo, sufuria tatu. Mvua kubwa, sufuria tatu na karai."

"Tangu lini?"

"Tangu yale mabati yapigwe misumari."

Kijana akaandika yote. Akasema anayejenga ndiye mwenye maji ya paa lake mpaka yafike mtaroni, na yakiharibu njiani ni juu yake. Akaniuliza kama nina la kujibu. Nikamwambia sina, ila aandike vizuri kwamba anayejenga ukuta ni mwenye ploti, si mkwe, ili mzee asije akadhani ni zawadi. Akaandika. Bogonko akaweka sahihi, na mimi nikaweka sahihi. Tulipotoka nje alisimama, akavua kofia, akaangalia chini kama kawaida. Lakini alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida.

Kazi ilichukua siku tisa. Hapo pia kulikuwa na mtihani, maana ukishabomoa ukuta wa chumba cha kulala, chumba kinabaki wazi, na kinatazama kwangu! Wanawake wa ploti walileta leso zao zote, tukatundika kama pazia toka mwanzo mpaka mwisho. Mimi sikukanyaga upande ule hata mara moja. Nilisimamia mjengo nikiwa nimeketi mbele ya mlango wangu, na msimamizi wangu akawa Lynnet, kwa sababu yeye anaruhusiwa. Anaingia, anakagua, anarudi kwa dani wake kutoa ripoti. "Wameweka mawe makubwa." Nauliza, yamekaa vizuri? "Moja linacheza." Cephas akaapa hakuna jiwe linalocheza. Nikamwambia aende aangalie. Akaenda. Lilikuwa linacheza. Tangu hapo alimwita mtoto "injinia," na hakuna siku aliyoweka tofali bila kumtazama kwanza.

Sasa msingi ni wa mawe, ukuta ni wa matofali ya kuchoma, umepigwa plasta ndani na nje. Nyuma nimeweka gata vyumba vyote sita. Zile mbili mbili za mbele nilizitoa zilizozidi, nikazirudisha zilikopaswa kuwa tangu mwanzo. Mbele kumepungua kung'aa kidogo. Maji yanaingia kwenye tangi, na bomba moja la tangi nimelipeleka uani kwa Bogonko, anamwagilia sukuma wiki. Ilinyesha juma lililopita mpaka barabara ikawa mto. Lynnet hakuwapo, walikuwa wamesharudi Kitale, kwa hiyo sikuwa na wa kumtuma. Nilingoja asubuhi nione.

Lakini kabla sijafika hapo, ule mpira wako. Usifikiri umepotea. Nilikuwa nimeshamkabidhi Bochaberi ampe babake, siku moja tu kabla ya yote haya, ukiwa umefungwa kwenye karatasi nzuri. Alikuwa hajaupeleka. Ilibidi nimweleze ni wa nini na kwa nini, na ilibidi nimwambie pia kwamba nilikuandikia wewe. Alinigeuzia mgongo akaendelea kufua, nami nilistahili mgongo ule. Baadaye akauchukua, akautandaza juu ya mifuko ya simiti, na simiti haikulowa hata tone. Kwa hiyo asante, umetusaidia.

Sasa fika karibu nikuambie jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Siku Bochaberi anaondoka, nilimsindikiza mpaka stendi. Aliniambia kwamba alijikaza akamuuliza babake, kwa kuzunguka zunguka kama mtoto anavyoweza kumuuliza mzazi, kama alikuwa akijua watu wanasema nini juu ya lile godoro. Mzee akamjibu kwamba alijua. Alijua tangu mwanzo. Alimwona Milka na pua yake, alisikia vicheko vya dukani, na alinisikia mimi nikiwagombeza wapangaji, na kutokana na maneno yangu alijua hata mimi naamini.

Bochaberi akamuuliza, basi baba, kwa nini hukusema? Akamwambia, "Mama yako mkwe aliijenga nyumba ile kwa kichwa chake, na kila asubuhi anatoka nje kuitazama. Mimi ni mzee, wakinicheka hainipunguzii kitu. Sikutaka awe wa kwanza kusikia kwamba nyumba yake ina ubaya, na asikie kwangu."

Caren, niliketi pale stendi kwenye gunia la viazi la mtu nisiyemjua, nikalia. Bochaberi naye akalia. Mwenye viazi akatuuliza ni nani amekufa.

Mimi nimejivuna maisha yangu yote, unanijua. Nimejivuna na vyumba, na mtoto, na mjukuu, na hata kesi nimejivuna nayo. Lakini sikujua kwamba mtu aliye upande wa pili wa ua alikuwa akiilinda ile fahari yangu kuliko jina lake mwenyewe, na alikuwa akilala majini ili asiiguse. Sasa nikiulizwa najivunia nini, nitasema kwanza kwamba mimi ni mkwe wa Bogonko, karani wa mizani. Vyumba vitafuata.

Kwa hiyo nakuomba. Ile barua ya Krismasi ichane. Na wale wote uliowasimulia hapo dobi, maana najua uliwasimulia, wasimulie na hii, tena kwa sauti ile ile uliyochekea. Wakikuuliza aliyelowesha godoro ni nani, mtaje dada yako kwa jina lake lote.

Nisalimie shemeji Walter, na umwambie kiti chake bado kiko sebuleni kwangu. Msalimie Bravin na nywele zake. Gordon anakusalimu kutoka Karungu, na Milka wa chumba cha tatu amesisitiza nimtaje. Mungu akulinde katika kazi yako, aifanye mikono yako iwe na nguvu na miguu yako isivimbe, na paa ulilolala chini yake lisikudondokee wewe wala jirani yako.

Nilikuwa nimekuambia kwamba ilinyesha nikangoja asubuhi. Niliamka mapema, nikaliegemeza godoro langu karibu na mlango tayari kulitoa, nikaufungua mlango kidogo tu. Bogonko alikuwa uani kwake, na koti lake, anamwagilia sukuma wiki ambazo zilikuwa zimeshanyeshewa usiku kucha. Kwenye ua upande wake hapakuwa na kitu. Alinisikia, akavua kofia. Basi na mimi nikageuka, nikamwita Milka aniinulie upande mmoja, tukalirudisha godoro langu kitandani.

Wako akupendaye daima,
dada yako mkubwa,

Roselyn
mwenye Karungu View, mbele na nyuma